Saundi kadi kwanza, kinanda baadaye

Kijana wa Mandewa, hapa Singida, anayetaka kurekodi muziki nyumbani mara nyingi huanza na laptopu ya mtumba, programu aliyowekewa na rafiki kwa fleshi, na hamu ya kile kinanda kidogo chenye funguo 25 na vitufe vinavyowaka taa. Pesa ya kwanza ikipatikana, iwe ya vitunguu, ya alizeti au ya bodaboda, inaishia kwenye kinanda. Saundi kadi, yaani kile kiboksi kinachopokea maiki na gitaa na kuviingiza kwenye kompyuta, inasubiri msimu mwingine. Maiki inaazimwa. Mwimbaji naye anaishia kurekodiwa kwa simu, au kwa kitundu cha maiki kilichomo kwenye laptopu. Mpangilio huo umekaa miguu juu, kichwa chini. Kwa mtu wa Singida asiye na uwezo wa kununua vyote kwa mkupuo, shilingi ya kwanza iende kwenye saundi kadi na maiki moja ya uhakika. Kinanda cha MIDI kije baadaye, na kisipokuja hakuna litakaloharibika. Wapo watakaosema hili ni suala la ladha ya mtu. Silioni hivyo. Vifaa vyenyewe vinafanya kazi kwa namna inayoamua kipi kitangulie, na mkoa huu una mali ya sauti ambayo kinanda hakiwezi kuifikia.

Nianze na kinanda, maana kinasifiwa kwa kazi isiyo yake. Kinanda cha MIDI hakitoi sauti. Ukibonyeza ufunguo, kinachopita kwenye waya ni taarifa fupi ya namba: ni ufunguo upi, umebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, umeachiwa lini. Do ya katikati ya piano ni namba 60. Nguvu ya kidole hupimwa kwa ngazi 128, kuanzia 0 hadi 127. Wanakwaya watalielewa hili upesi kuliko wengine, kwa sababu ni kama karatasi ya nota ambayo mwalimu huwagawia siku ya mazoezi: inaeleza kiimbwe nini, lakini yenyewe haiimbi. Anayeimba ni programu iliyomo kwenye kompyuta, na sauti zake zilirekodiwa au kutengenezwa Ujerumani, Marekani au Japani, na zimo vilevile kwenye kompyuta za watu wasiohesabika duniani kote. Siibezi lugha hii ya namba, ambayo ndiyo MIDI yenyewe. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, vinanda vya kampuni mbili zilizokuwa zikishindana sokoni, Sequential Circuits ya Marekani na Roland ya Japani, viliunganishwa kwa waya na kimoja kikakichezesha kingine. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walioongoza kazi hiyo, walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013. Lugha yenyewe iliachwa wazi, kampuni yoyote iitumie bila kulipia, ndiyo maana hadi leo kinanda cha kampuni yoyote huelewana na programu ya kampuni nyingine. Lakini uwazi huo una upande wa pili ambao wauza vinanda hawautaji: kinachoandikwa kwa namba kinaweza kuandikwa bila kinanda. FL Studio, programu ya Wabelgiji iliyoenea kwenye studio zetu za mitaani, inakuruhusu kuchora nota kwa mausi au kuzipiga kwa vitufe vya herufi vya laptopu. Utakwenda taratibu, na hutaipata nguvu ya kidole kama inavyostahili, ila biti itakamilika. Sauti ya mtu haichorwi kwa mausi.

Lipo na jambo ambalo wengi hulijua wakati pesa imeshatoka: kinanda kinaitegemea saundi kadi, wakati saundi kadi haikitegemei kinanda. Mtu anachomeka kinanda kipya, anabonyeza, na nota inasikika vidole vikiwa vimeshafika kwingine. Analaumu kinanda na kukirudisha dukani. Kumbe taarifa ya ufunguo ilifika kwenye kompyuta ndani ya milisekunde chache tu. Kilichochelewa ni sauti kutoka kwenye kompyuta kuja masikioni. Kompyuta hukusanya kwanza vipimo vya sauti kwenye bafa, kisha huvitoa kwa fungu. Kwa kasi ya kawaida ya vipimo 44,100 kwa sekunde, bafa ya vipimo 128 ni karibu milisekunde 3. Ya vipimo 512 inakaribia 12. Ya 1,024 inavuka 23, na hapo mpigaji anaanza kuhisi anavutwa nyuma. Ongeza na muda ambao kadi na draiva hujichukulia juu ya bafa, utaona ugumu unakotoka. Kwa kulinganisha, sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na mpiga gitaa kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika yake, jambo ambalo hakuna mpiga gitaa aliyewahi kulilalamikia. Ili bafa ipunguzwe bila sauti kukatikakatika, programu inahitaji draiva inayozungumza na kifaa moja kwa moja. Kwenye Windows njia iliyozoeleka ni ASIO, mfumo uliotolewa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997. Saundi kadi za kurekodia kutoka kampuni zinazojulikana huja na draiva ya namna hiyo. Kadi ya ndani ya laptopu kwa kawaida haina, na ile ASIO4ALL ya kupakua bure ni ya kujikimu: inasaidia, lakini haiigeuzi kadi dhaifu kuwa kadi nzuri. Hedifoni za Bluetooth ndizo za kuweka mbali kabisa wakati wa kurekodi, kwa sababu nyingi huchelewa milisekunde 100 na zaidi. Tazama basi hali ya wanunuzi wawili. Mwenye kinanda bila saundi kadi ana chombo asichoweza kukipiga kwa raha. Mwenye saundi kadi bila kinanda anarekodi leo hii, tena mwimbaji wake ana njia ya mkato, maana kadi nyingi zina kitufe kinachomrudishia sauti yake hedifoni kabla haijaingia kwenye kompyuta.

Hayo ni ya ufundi. Kubwa zaidi ni kitu gani kinarekodiwa. Mkoa wa Singida ni wa Wanyaturu na Wanyiramba, na kwa upande wa Manyoni unaingia kwenye nchi ya Wagogo, watu ambao muziki wao umechunguzwa kwa kina. Mtaalamu wa muziki wa Afrika kutoka Austria, Gerhard Kubik, alieleza jinsi ngazi yao ya sauti inavyofuata sauti za asili zinazojijenga juu ya sauti moja ya msingi. Uzi ukitetemeka hutoa sauti yake kuu, na juu yake sauti nyembamba zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya kwanza, na kuendelea. Wagogo huimba, na hutuni ilimba yao, chombo cha vibanzi vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwa kufuata sauti hizo kuanzia ya nne hadi ya tisa. Sasa chukua kinanda. Kutoka ufunguo mmoja hadi unaofuata kuna senti 100. Sauti ya tano iko chini kwa senti 14 ikilinganishwa na ufunguo unaoikaribia, na hilo sikio linaweza kulivumilia. Ya saba ndiyo inayogoma. Ukiishusha ikae ndani ya oktava moja na msingi, mahali pake ni kwenye senti 969, na ufunguo wa karibu uko kwenye 1,000. Hiyo ni tofauti ya senti 31, karibu theluthi ya hatua nzima kati ya ufunguo mmoja na unaofuata. Prodyuza atabonyeza kilicho karibu, msikilizaji wa Dar es Salaam hatashtuka, lakini mtu aliyekulia kwenye muheme, ngoma ya Wagogo, atasikia wimbo wake umebadilishwa.

Mtetezi wa MIDI atanikumbusha hapa, na ana haki, kwamba nota zinaweza kupindwa. Gurudumu la pembeni mwa kinanda lina hatua 16,384 za kupandisha na kushusha sauti. Ila kwa kawaida hupinda nota zote za chaneli kwa pamoja, na tatizo hilo lilipata jibu rasmi mwaka 2018 ulipoidhinishwa utaratibu wa kuipa kila nota chaneli yake. Inawezekana, basi. Swali langu ni la gharama: kwa nini mtu atumie majuma kadhaa kuilazimisha piano ya kigeni iigize ilimba, wakati mpiga ilimba yuko safari ya basi kutoka alipo, na maiki haijali senti wala chaneli? Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 kupitia Real World, lebo ya Peter Gabriel ya Uingereza. Wazungu wale walikuwa na vinanda vya kila aina. Walichomwitia ni koo lake, zeze lake na ilimba yake, vikiwa mbele ya maiki.

Historia ya kurekodi nchini inaelekea upande huohuo. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mahali pa kurekodia kwa bendi nyingi palikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi za mikoani, kama Tabora Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zilifunga safari na vyombo vyao. Waliotaka sahani za santuri walivuka mpaka kwenda Nairobi. Chumbani walipiga wote kwa pamoja mbele ya maiki chache, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Si zama za kuzililia sana. Mwanamuziki hakuwa na pengine pa kwenda, na aliyeshika mkanda ndiye aliyeshika kila kitu. Lakini nyimbo hizo bado zinapigwa redioni kila wiki, na kinachotushika ndani yake ni magitaa yanayojibizana, tarumbeta zilizopigwa na mapafu ya mtu, na chumba kinachosikika. Miaka ya 1990 studio za Dar es Salaam, MJ ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk zikiwemo, zilianza kuifanya kompyuta na kinanda vichukue nafasi ya bendi nzima. Bongo Fleva isingezaliwa kwa gharama ya kulisha na kusafirisha watu kumi na wawili. Hilo lazima likubaliwe. Tulichokosea ni kudhani kwamba kwa kuwa kinanda kilitosha Dar, ambako waimbaji walifuata studio zilizokuwa na kila kitu kingine, basi ndicho cha kuanza nacho Singida.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Afrika Kusini na Manzese. Amapiano imeshika dunia kwa mlio wa besi ambao kila mmoja anautambua, na mlio huo chimbuko lake ni programu ndogo iliyomo ndani ya FL Studio. Hakuna maiki hapo. Singeli ya uswahilini Dar es Salaam ilitengenezwa kwa kompyuta za kawaida kabisa, vipande vya taarabu na mchiriku vikikimbizwa hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, Ulaya ikatega sikio. Vijana hao walifika mbali bila kiboksi ninachokipigia debe. Nakubali, lakini angalia vizuri walichotumia. Kinanda nacho hakikuwa msingi wao. Msingi ulikuwa programu na mausi, jambo linaloirudisha hoja yangu mlangoni kwangu. Pili, singeli ilichota mali kutoka mtaani kwake, na MC wake anasema na watu wa mtaa huo kwa maiki. Kijana wa Mandewa akipakua mlio wa amapiano leo, anapanga foleni nyuma ya Johannesburg, Dar es Salaam na Lagos, wote wakiwa na mlio uleule. Ni kweli pia kwamba mteja akija na elfu kumi zake mkononi anataka biti inayofanana na ya Diamond, wala hana haja na ilimba. Mpe. Chora biti kwa mausi. Lakini biti hiyo anaweza kuipata kokote. Sauti yake iliyorekodiwa safi, bila mvumo, bila mwangwi wa chumba, ndiyo itakayomrudisha kwako.

Wengine husema simu inatosha. Kwa kushika wazo la wimbo usiku wa manane, inatosha kweli. Tatizo la simu ni kwamba imeundwa kwa maongezi, kwa hiyo hupandisha kilicho chini na kushusha kilicho juu yenyewe bila kukuuliza, na mwimbaji anayeanza kwa kunong'ona na kumalizia kwa kupaza anatoka akiwa bapa. Saundi kadi inakuachia uamuzi huo. Tena si lazima laptopu iwepo, kwa kuwa kadi nyingi za siku hizi hutambuliwa na simu kwa waya wa OTG, mradi zipate umeme wa kutosha, ikibidi kwa habu yenye chaji yake.

Na makelele ya Mandewa je? Upepo wa Singida si hadithi. Kwa miaka mingi mkoa umekuwa ukitajwa kila panapozungumzwa umeme wa upepo. Unapiga bati, unatikisa madirisha, na msimu wa mvua hakuna anayeongea chini ya paa bila kupaza sauti. Bodaboda za kwenda na kutoka hospitali ya rufaa hazina saa ya kulala. Watu husema kwa hali hiyo maiki ni kupoteza pesa, heri kinanda kisichosikia chochote. Jibu linategemea maiki gani. Ile ya kondensa, inayodai volti 48 kutoka kwenye saundi kadi na inayopendeza kwenye video za YouTube, kweli itakuletea mtaa mzima. Lakini maiki ya dainamiki, ya jamii ya Shure SM58 iliyoingia sokoni mwaka 1966 na ambayo kila kanisa lina ndugu yake, husikia kilicho mbele yake na kupuuza sehemu kubwa ya kilicho mbali. Mwimbaji asimame kiganja kimoja kutoka kwenye maiki, godoro limesimamishwa mgongoni kwake, mablanketi mazito yametundikwa pande mbili, feni imezimwa. Geini ipandishwe mpaka vilele vya sauti vifike karibu desibeli 12 chini ya kikomo, basi. Kwa biti 24 (24-bit) kuna nafasi ya kutosha, hakuna haja ya kuisukuma hadi taa nyekundu. Kuhusu umeme kuna mvumo unaowasumbua wengi na kuwafanya waamini wameuziwa kadi bovu. Ni mvumo wa hezi 50, pengine umechanganyika na mlio mwembamba, na chanzo chake mara nyingi ni chaja ya laptopu iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ethi, au kupitia kiunganishi cha pini mbili. Chomoa chaja wakati wa kurekodi, tumia betri. Mvumo ukiondoka, umempata mchawi. Kwa kuwa kadi ndogo hula umeme wa USB wa laptopu hiyohiyo, hata umeme wa mtaa ukikatika katikati ya ubeti, mwimbaji anamalizia.

Wapo pia wanaosema kazi nzito ipelekwe Dar es Salaam, nyumbani pabaki pa mazoezi. Ni karibu kilomita 700. Treni ya SGR kutoka Dodoma imeifupisha safari, lakini kwaya ya watu thelathini bado inahitaji nauli thelathini, malazi na chakula, na inafika studio imechoka, ikiwa na saa chache za kulipia. Mteja mkubwa wa kurekodi mkoani, ukiniuliza, ni kwaya: kwaya za KKKT, ambayo makao ya Dayosisi yake ya Kati yako hapa Singida, kwaya za Katoliki, za Pentekoste, na kaswida za madrasa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji funguo 25. Zinahitaji matundu mawili ya maiki, maiki mbili kwenye stendi, na kanisa lenye dari refu Jumamosi jioni. Ukiweza hilo, una kazi mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo nawasemesha pia maofisa maendeleo ya jamii wa Manispaa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina sababu ya kuishia kwenye bodaboda na kuku peke yake. Kikundi cha vijana kikileta andiko la studio, mara nyingi orodha yake huanza na kompyuta kubwa, spika kubwa na kinanda, na maiki iko mstari wa mwisho. Ofisa asiyejua vifaa hivi atatazama jumla tu. Atazame mpangilio. Saundi kadi ya matundu mawili, maiki mbili za dainamiki, stendi, waya za pini tatu zenye urefu wa kutosha, hedifoni mbili za waya, diski ya nje ya kuhifadhia kazi, mablanketi: hiyo ni studio inayoweza kuanza kulipa mkopo. Diski isidharauliwe. Msanii anayeondoka na MP3 peke yake hawezi kesho kubadilisha hata mstari mmoja, na siku ya ubishi juu ya nani alitunga nini, faili zenye kila sauti peke yake na tarehe zake husema mengi kuliko maneno. Programu nayo iwe halali. Reaper, kwa mfano, leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60 na inaingia hata kwenye laptopu dhaifu, wakati ile ya fleshi huleta virusi pamoja na vionjo vya watu wengine ambavyo YouTube itavitambua kabla ya wimbo wako kupata wasikilizaji mia.

Na kinanda? Atakayekihitaji kweli, kwa sababu anajua kupiga na mausi imemchosha, aangalie kwanza nyuma ya kile kilichopo kanisani kwake. Vinanda vingi vya Yamaha PSR vinavyopigwa makanisani vina tundu la mraba lililoandikwa USB TO HOST. Vya zamani vina matundu mawili ya duara yenye pini tano, MIDI IN na MIDI OUT. Ni kinanda cha MIDI kamili, chenye funguo 61 badala ya 25, na kimeshalipiwa na waumini. Kwa tundu la mraba, waya wake ni uleule wa printa, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta pale mjini. Wenye matundu ya duara wanunue waya wa kugeuzia, au saundi kadi ambayo ina matundu hayo tayari. Uchomeke, fungua programu, chagua kinanda kwenye mipangilio ya MIDI, na kwenye mipangilio ya sauti chagua ASIO ya saundi kadi yako, siyo ile ya laptopu. Kisha panga na mchungaji siku za kukitumia, mbali na siku za mazoezi ya kwaya.